Soksi ya Pili Iko Wapi?

Na Bibi Shamba, Ujiji

Ndugu msomaji, hebu inuka uende chumbani. Tazama chini ya kitanda, juu ya kabati, au katika kile kikapu cha ukindu kilicho pembeni. Je, hakuna kazi ya mkono uliyoianza ukaiacha? Labda ni sweta isiyo na mikono. Labda ni kitambaa cha meza ambacho kimefika nusu. Labda ni soksi moja tu, na ya pili haijulikani itaanza lini.

Ikiwa kikapu chako ni kitupu, hongera. Ikiwa kimejaa, soma makala haya mpaka mwisho. Mimi ni mwenzako. Kazi yangu ni kuwashauri wakulima, lakini jioni hushika sindano na uzi. Nitakueleza kosa langu, kisha nitakueleza namna nilivyojirekebisha.

SOKSI ZA MAMA

Mama yangu aliishi Heru Juu, wilaya ya Kasulu. Sisi tulio Ujiji na Kigoma, kando ya ziwa, hatuijui sana baridi. Lakini juu kule, kwenye milima ya Buha, mwezi wa Juni na Julai asubuhi ni baridi kali. Umande huwa mwingi, na mtu mzima huona taabu kuiweka miguu chini.

Mwezi wa Aprili mwaka 2016 mama aliniletea kamba ya katani kwa mkono wa ndugu yetu mmoja. Kamba ile ilikuwa na mafundo mawili. Fundo la kwanza lilionyesha urefu wa unyayo wake. La pili lilionyesha mzunguko wa mguu. Pamoja na kamba alileta karatasi. Mama alijifunza kuandika katika kisomo cha watu wazima miaka ya 1970. Aliandika maneno machache tu: “Mwanangu, nifumie soksi. Baridi inakuja.”

Nilinunua uzi siku hiyo hiyo. Nilifuma soksi ya kwanza kwa wiki mbili. Ilikuwa nzuri, na niliwaonyesha majirani. Kisha jirani yangu akawa mjamzito, nikaanza kofia ya mtoto. Mwanangu akahitaji sweta ya shule, nikaanza sweta. Mdogo wangu akachumbiwa, nikaanza kitambaa cha meza kwa kroshia. Uzi mwekundu ukaletwa sokoni Mwanga, nikaupenda, nikaanza kikoti changu mwenyewe.

Basi nikawa na kazi tano, na hakuna hata moja iliyokwisha. Mtoto wa jirani alizaliwa, akakaa, akatambaa. Kofia ilipokwisha haikumwingia kichwani.

Mwaka uliofuata, baada ya mavuno ya maharage, mama alikuja kututembelea. Alikifungua kikapu changu akitafuta sindano ya kushonea kanga. Akaiona soksi. Akaivaa mguu wa kulia, akanyosha mguu, akaitazama. Kisha akaniuliza polepole, “Mwanangu, ya pili iko wapi? Mimi nina miguu miwili.”

Sote tulicheka. Lakini usiku sikulala vizuri. Niliimaliza soksi ya pili, lakini baridi ya mwaka 2017 ilikuwa imekwisha pita. Mama alizivaa soksi zile katika baridi ya mwaka 2018. Mwezi wa Machi mwaka 2019 alifariki dunia.

Fanya hesabu nami. Baridi ya 2016, baridi ya 2017 na baridi ya 2018. Hizo ni baridi tatu. Mama alivaa soksi katika baridi moja tu. Uzi ulikuwapo, sindano zilikuwapo, na mikono yangu ilikuwa mizima.

KWA NINI TUNAACHA KAZI NJIANI?

Nimezungumza jambo hili na akina mama wengi wa Ujiji, Gungu na Kibirizi. Sababu tulizoziona ni hizi:

1. Kuanza ni kutamu. Uzi mpya unapendeza machoni. Kazi ya zamani imekwisha kutuchosha.

2. Tunafika mahali pagumu. Katika soksi ni kisigino. Katika sweta ni shingo na mikono. Badala ya kumwuliza anayejua, tunaiweka kazi pembeni.

3. Uzi unatuishia. Tulinunua donge moja tukitumaini kununua jingine. Tukirudi dukani, rangi si ile ile. Viwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja hutofautiana kidogo na jingine. Kwa hiyo nunua uzi wote wa kazi moja siku moja.

4. Hatuandiki. Tunaacha kazi leo, tunairudia baada ya mwezi, na hatukumbuki tulikuwa na vitanzi vingapi wala tulifika mstari gani.

5. Shughuli za nyumbani na shambani ni nyingi. Hii ni sababu ya kweli. Lakini ndiyo sababu hasa ya kutoanza kazi tano kwa pamoja.

FEDHA ZILIZOLALA KAPUNI

Kazi isiyokwisha ni fedha iliyolala. Tuchukue mfano. Tuseme donge moja la uzi ni shilingi 3,000. Katika kikapu una sweta iliyokula madonge 4, kitambaa kilichokula madonge 3, kikoti kilichokula madonge 2, na soksi iliyokula donge 1. Jumla ni madonge 10. Mara shilingi 3,000 ni shilingi 30,000.

Shilingi 30,000 hizo hazimpi mtu joto. Huwezi kuziuza. Huwezi kuzitoa zawadi. Panya akiingia, zimekwenda. Hapo hatujahesabu saa zako, nazo ni mali.

Pengine utasema, “Soksi za mitumba ni rahisi, kwa nini nifume?” Ni kweli, mara nyingi ni rahisi. Lakini soksi ya mtumba haikupimwa kwa mguu wa mama yako. Na mtoto akijua kwamba shangazi alikaa usiku akimfumia, huitunza zawadi ile. Basi tusifume ili kushindana na mitumba. Tufume kwa ajili ya mtu tunayemjua, na tumfikishie wakati anapohitaji.

TUJIFUNZE KWA WAVUVI

Wavuvi wetu wa dagaa huvua usiku kwa taa. Zamani walitumia karabai. Siku hizi wengi hutumia taa za betri na za nguvu ya jua. Dagaa huifuata taa gizani. Lakini mwezi ukiwa mkubwa, ziwa lote huwa na mwanga, na taa haiwavuti dagaa vizuri. Kwa hiyo katika siku za mbalamwezi mitumbwi mingi hupumzika.

Je, wavuvi hulala tu siku hizo? Hapana. Nenda Kibirizi au Katonga utawaona. Wametandaza nyavu mchangani, na kila mmoja ana sindano yake na uzi. Wanaziba matundu. Mvuvi hazibi nusu ya tundu akaenda kwenye wavu mwingine. Anajua kwamba giza litarudi baada ya siku chache, na wavu wenye tundu utawaachia dagaa waende zao. Anayo tarehe, na tarehe hiyo haimngoji.

Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi 3, tangu tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti, ili samaki wazaliane. Wako waliotumia siku zile kutengeneza nyavu na mitumbwi yao mpaka ikawa kama mipya. Wako pia walioanza hiki na kile. Ziwa lilipofunguliwa, kila mmoja alikwenda na kile alichokimaliza.

Wewe mfumaji pia unazo tarehe. Ziandike:

Baridi huanza mwezi wa Juni. Basi soksi na sweta za wazee zianze Machi, zimalizike Mei.

Shule hufunguliwa Januari. Basi sweta za wanafunzi zianze Septemba. Mvua za kupandia huanza Oktoba au Novemba, na baada ya hapo hutapata nafasi.

Krismasi ni tarehe 25 Desemba kila mwaka. Lakini Iddi hurudi nyuma kwa siku kama 11 kila mwaka. Usihesabu kwa tarehe ya mwaka jana. Tazama kalenda.

Mtoto mchanga naye ana tarehe yake. Maliza vitu vyake mwezi mmoja kabla ya siku ya kujifungua, kwa sababu wengine hutangulia.

SAFISHA KIKAPU CHAKO

Sasa tufanye kazi. Mwaga chini vitu vyote vilivyomo kapuni. Vigawe mafungu matatu.

Fungu la kwanza ni vya kumaliza. Hivi ni vile ambavyo mwenyewe bado anavihitaji na bado vitamtosha.

Fungu la pili ni vya kufumua. Sweta ya mtoto ambaye sasa ni mkubwa haina maana. Usione haya kuifumua. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, ufunge mahali panne ili usijisokote, uloweshe maji, kisha uutundike kivulini ukiwa na kitu kizito kidogo chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka. Una uzi wa kazi nyingine bila kwenda dukani.

Fungu la tatu ni vya kumpa mwingine. Kama kisigino kimekushinda na jirani anakijua, mpe amalize. Wewe mfulie, au mpalilie, au mwanulie dagaa wake. Huo ni ushirika, tena hauna karatasi.

Baada ya hapo panga fungu la kwanza kwa tarehe. Kitakachohitajika mapema ndicho cha kwanza. Usifuate kile unachokipenda zaidi.

Je, ni lazima kuwa na kazi moja tu? Hapana. Mimi naruhusu kazi mbili. Moja ni ya njiani. Hii ni nyepesi, haihitaji kuhesabu sana, nayo huingia mfukoni. Unaifuma ukingoja zamu zahanati, ukingoja mtumbwi, au ukilinda dagaa mchangani wasiliwe na kuku na kunguru. Ya pili ni ya nyumbani. Hii ni ile yenye kuhesabu, nayo hufumwa mezani penye mwanga. Ya tatu haianzi mpaka moja kati ya hizo mbili imekwisha.

Jambo moja kwa sisi wa Kigoma: nawa mikono kwa sabuni kabla ya kushika uzi. Harufu ya dagaa haitoki upesi katika sufu. Na tone la mawese kwenye uzi mweupe ni doa la maisha.

SOKSI MBILI KWA PAMOJA

Baada ya kisa cha mama, mama mmoja wa Ujiji alinifundisha njia ya kuzuia soksi ya pili isisahauliwe. Unazifuma zote mbili katika sindano zile zile. Zinaanza siku moja na kwisha siku moja. Soksi hizi hazina kisigino cha kufuma. Ni kama bomba. Mguu wenyewe huzinyosha zikakaa. Hata anayeanza ataziweza.

Vifaa: sindano mbili ndefu za kufumia, madonge mawili ya uzi, sindano ya kushonea, na kamba ya kupimia. Kama una donge moja kubwa, ligawe mawili yaliyo sawa.

Kwanza, pima. Zungusha kamba kwenye mguu, mahali palipo panene nyuma ya vidole. Tuseme umepata sentimita 22. Pima pia urefu wa unyayo, tuseme sentimita 24.

Pili, fuma kipande kidogo cha majaribio. Hesabu ni vitanzi vingapi vimeingia katika sentimita 5. Tuseme ni 10. Maana yake kila sentimita moja ni vitanzi 2. Basi sentimita 22 ni vitanzi 44. Soksi hunyumbulika, kwa hiyo punguza 4 ili ibane vizuri. Vinabaki 40. Ongeza 2 vya kushonea. Jumla ni 42.

Tatu, anza vitanzi 42 kwa donge la kwanza. Juu ya sindano ile ile, kando yake, anza vitanzi 42 vingine kwa donge la pili. Sasa una soksi mbili jirani. Kila mstari, fuma soksi ya kwanza kwa uzi wake, acha uzi huo, kisha fuma ya pili kwa uzi wake. Angalia nyuzi zisisokotane.

Nne, fuma vitanzi 2 vya wazi, yaani uzi ukiwa nyuma ya sindano. Kisha 2 vya kinyume, yaani uzi ukiwa mbele. Endelea hivyo mpaka mwisho, umalize kwa 2 vya wazi. Unaporudi, anza kwa 2 vya kinyume, halafu fuata unavyoviona. Mistari ya juu na chini itajitokeza kama matuta ya shamba. Matuta haya ndiyo yanayoifanya soksi ibane mguu.

Tano, endelea mpaka urefu utoshe. Unyayo ni sentimita 24. Muundi, tuseme, ni sentimita 16. Jumla ni sentimita 40.

Sita, funga vidoleni. Fuma vitanzi viwili viwili kwa pamoja mpaka mwisho wa mstari. Vitabaki 21 kwa kila soksi. Rudi mstari mmoja bila kupunguza. Kisha punguza tena viwili viwili, na kile kimoja cha mwisho kifume peke yake. Vitabaki 11. Kata uzi ukiacha urefu wa mkono mmoja. Uingize katika sindano ya kushonea, upitishe ndani ya vitanzi vyote 11, uvute sana, ukaze. Kwa uzi huo huo shona ubavu wa soksi mpaka juu. Fanya vivyo hivyo kwa ya pili.

Ukifuma za mtoto mchanga, pima na hesabu kwa njia ile ile. Lakini geuza soksi uangalie ndani. Kusiwe na uzi unaoning'inia, maana unaweza kujizungusha kwenye kidole cha mtoto na kuzuia damu. Katika kofia usitie kamba ndefu shingoni. Na ukumbuke kwamba uzi mwingi wa madukani si sufu halisi ya kondoo. Ukikaribia moto huyeyuka. Usianike soksi juu ya jiko, wala usimweke mtoto aliyevaa uzi huo karibu na moto.

Kofia na soksi humsaidia mtoto mchanga asipoteze joto. Hata hivyo havichukui nafasi ya kifua cha mama. Mtoto akizaliwa mdogo au kabla ya siku zake, fuata maelezo ya mkunga.

UKILAZIMIKA KUACHA, ACHA VIZURI

Si kila kuacha ni uvivu. Mvua zikianza, ni lazima uende shambani. Mgonjwa akiwapo, ni lazima umwuguze. Lakini kuna kuacha na kuna kutupa.

Watu wa Kigoma tunaijua meli ya Liemba. Meli hii iliundwa Ujerumani mwaka 1913. Ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa katika makasha kama 5,000, ikaletwa mpaka Kigoma, ikaungwa tena na kushushwa ziwani mwaka 1915. Wakati huo iliitwa Graf von Götzen. Mwezi wa Julai mwaka 1916, katika Vita ya Kwanza ya Dunia, Wajerumani walikuwa wanarudi nyuma. Waliizamisha wenyewe ili adui asiichukue.

Lakini mafundi wake hawakuizamisha ovyo. Kwanza walizipaka mashine grisi nyingi ili zisishikwe na kutu. Mwaka 1924 Waingereza waliiibua kutoka majini, na mashine zilikuwa bado zinafaa. Mwaka 1927 ilianza tena kusafiri, sasa kwa jina la Liemba. Ikachukua abiria na mizigo yetu kwa miaka mingi.

Miaka kadhaa chini ya maji, na kazi haikupotea, kwa sababu iliachwa vizuri. Je, soksi yako itapotea kwa kukaa miezi miwili juu ya kabati?

Fanya hivi. Maliza mstari ulioanza, usiache katikati. Vitoe vitanzi kwenye sindano, uvivushe kwenye kipande cha uzi wa rangi nyingine, ufunge fundo. Futa sindano zikauke ili zisishike kutu. Weka kazi, uzi uliobaki na kamba ya kipimo katika mfuko mmoja wa kitambaa. Tia majani makavu ya mwarobaini kuzuia wadudu, na mara moja kwa mwezi uanike mfuko juani. Mwisho, andika karatasi uitie humo. Andika hivi:

Ni ya nani.
Itahitajika lini.
Vitanzi vingapi.
Nimefika mstari gani.
Kinachofuata ni nini.

Maneno hayo matano hayachukui hata dakika tano. Kama uliwahi kuingia darasa la kisomo, basi hii ndiyo faida yake. Tena, ukiugua wewe, binti yako au jirani ataisoma karatasi na kuimaliza kazi.

NENO LA MWISHO

Ninapowatembelea wakulima huona jambo lile lile mashambani. Huyu ameanza bwawa la samaki, shimo limejaa majani. Yule amechukua miche ya michikichi, haijapandwa na inakauka kwenye mifuko. Mwenye kumaliza shamba dogo huvuna. Mwenye kuanza mashamba makubwa matano huhadithia.

Mimi leo kapuni mwangu mna kazi mbili tu. Moja ni soksi za shangazi yangu wa Manyovu, dada wa baba. Zote mbili ziko katika sindano moja, zimefika kwenye vifundo vya miguu. Ile kamba ya katani ya mama ninayo bado, nimeitundika ukutani juu ya kikapu. Kila ninapotamani kuanza kazi ya tatu, huitazama.

Ndugu msomaji, leo jioni usianze kitu kipya. Chukua kile kilichobaki kidogo, ukimalize, umpelekee mwenyewe angali akikihitaji.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Mama alivaa soksi zake katika baridi ngapi? Angeweza kuzivaa katika baridi ngapi?

2. Katika kikapu chako kuna madonge mangapi ya uzi yaliyolala? Piga hesabu ya fedha zake kwa bei ya dukani kwenu.

3. Mzunguko wa mguu wa mtoto ni sentimita 16. Katika sentimita 5 vinaingia vitanzi 10. Utaanza vitanzi vingapi, ukipunguza 4 na kuongeza 2 vya kushonea? (Jibu: 30.)

4. Ni kazi gani nyingine kijijini kwenu iliyoanzwa ikaachwa? Imalizwe na nani, na lini?